Masale ya Shamba la Mgiriki

Viongozi wa chama chetu cha waongoza wageni wameniomba niandike kurasa chache kwa ajili ya vijana wanaoanza kazi, na wakasisitiza yawe mambo ya kutia moyo. Nimekaa na kalamu wiki mbili hapa nyumbani Lemara. Ya kutia moyo yamejaza nusu ukurasa. Yaliyobaki ni haya, na kama watayachapa au watayatupa, shauri yao. Vyeo sitavitaja, maana mlimani cheo ni nani ametangulia mbele, na habari za mishahara nyie mnazijua kuliko mimi.

Mimi ni Mmeru, mtoto wa Nkoaranga, nyumba yetu ilikuwa juu ya hospitali katikati ya migomba na kahawa. Nilianza kama mpagazi wa Mlima Meru, nikiwa nimepanga chumba kimoja Levolosi na wenzangu watatu. Siku ya kwanza pale getini nilipewa mzigo wa mayai, trei nne zimefungwa kwa kamba. Nikafurahi nikidhani nimependelewa, kumbe mgeni wa kazi ndiye hupewa mayai ili ajifunze kutembea. Mayai hayataki haraka wala hasira. Nilifika kibanda cha kwanza saa kumi jioni, nikafungua kamba, saba yamepasuka. Mpishi hakunigombeza. Aliniwekea yale saba kwenye sufuria akasema hicho ndicho chakula changu mpaka kesho mchana.

Aliyenifundisha kazi ni Mzee Lomayani, Mwarusha wa upande wa magharibi wa mlima, mrefu, mkimya, mwenye fimbo aliyoichonga mwenyewe na sweta moja la kijani ambalo sikuwahi kuliona limefuliwa. Kila mtu alitaka kupanda naye kwa sababu wageni wake walikuwa hawaumwi. Siri yake ilikuwa ndogo tu. Alitembea polepole kupita kiasi, hata kina mama wa kanisani kwetu wangempita, na kila baada ya hatua kadhaa aligeuka kuangalia midomo ya watu ina rangi gani, maana hewa ikimpungukia mtu midomo hugeuka bluu. Siku hizi mna kile kibano cha kidole cha kupima hewa ya damu. Kitumieni, lakini na midomo muiangalie.

Safari moja mgeni aliniuliza jina la ndege mdogo wa njano aliyetua kwenye uzio. Nikajibu bila kupepesa macho kwamba anaitwa kinega wa Meru. Mama wa watu akaandika kwenye daftari lake. Jioni Lomayani akaniita pembeni.

"Ero, kijana, yule ndege umemjuaje?"

"Nimekisia, mzee."

"Kwa hiyo yule mama ataondoka na makisio yako mpaka kwao." Akachokonoa moto. "Neno 'sijui' ni jepesi kuliko mayai. Mbona linawashinda kubeba?"

Jambo la pili alilonifundisha ni la kuuliza njia na habari za mahali. Alisema ukifika kijiji usichokijua, usimuulize mwanaume aliyekaa, muulize mwanamke anayekata majani. Huku kwetu ng'ombe wanafugwa ndani, na majani yao wanakata kina mama, kila siku, mvua na jua. Kwa hiyo wao ndio wanaoingia kila kichaka na kila ukingo wa mfereji, wanajua jiwe lipi lilisogezwa na nani. Mwanaume anaijua barabara ya kwenda kwenye kahawa na barabara ya kurudi, na hiyo ya kurudi wakati mwingine anaisahau. Nililicheka neno hilo wakati ule.

Miaka mingi nilipanda Meru na kushuka. Kuna mzee mmoja wa Ujerumani aliyeanza kuyumba saa chache kabla ya kilele, midomo ya bluu, anacheka peke yake. Nikamwambia mwanawe tunashuka. Mwanawe akasema baba yake ameisubiri siku hiyo maisha yake yote na mimi nani nimkatalie. Tulimshusha kwa nguvu, mimi na askari wa hifadhi, yule mzee akinipiga ngumi za mgongo njia nzima. Chini alipata nafuu, akapanda gari, hakuniaga hata kwa kichwa. Kesi za namna hiyo msisubiri shukrani. Mtu aliyekasirika akiwa hai ni kazi iliyofanyika vizuri.

Goti la kushoto liliponiishia nikahamia kazi za chini, matembezi ya siku moja kwenye mashamba na mabaki ya kale. Hapo ndipo nikawa mtu wa Wagiriki. Labda nyie hamjui, lakini pande nyingi za mlima huu zamani kulikuwa na walowezi wa Kigiriki wakilima kahawa. Waliondoka, mashamba yakagawiwa, nyumba zao zikabaki kuoza. Bado mtaziona: matao ya mawe yaliyoshikwa na mizizi, matangi ya kuoshea kahawa yaliyojaa matope, sakafu ya vigae vya maua ambayo sasa wanalala mbuzi. Watoto na wajukuu wao wakaanza kurudi kuangalia. Mtu ametoka nchi yenye mahekalu ya maelfu ya miaka, watu wanatoka dunia nzima kwenda kuyapiga picha, halafu yeye analia mbele ya jiko lililobomoka la mama yake. Nilijifunza kusimama mbali kidogo na kutosema kitu, na kwa kuwa niliweza kunyamaza, jina langu likazunguka huko kwao.

Basi siku moja ikaja barua pepe kutoka kisiwa kimoja cha Ugiriki. Aliiandika binti kwa niaba ya mama yake, Mama Eleni. Mama huyo alizaliwa kwenye mojawapo ya mashamba hayo, mashariki ya mlima, akaondoka na wazazi wake akiwa na miaka kumi, kabla ya Uhuru. Mdogo wake wa kiume, Yani, alikufa kwa malaria ana miaka minne na akazikwa shambani. Kwao kuna desturi ya kufukua mifupa baada ya miaka kadhaa, kuiosha, na kuilaza pamoja na ya ndugu. Mama yao alipokuwa anakufa aliomba kitu kimoja tu, mtoto wake aletwe alale naye. Mama Eleni alikuwa amepita miaka sabini, moyo unasumbua, na aliona hana muda mrefu. Swali la barua lilikuwa moja: je, kaburi lipo na unalifahamu?

Nilijibu siku ileile kwamba lipo na ninalifahamu. Nilikuwa silifahamu. Nilikuwa nalifahamu shamba, nyumba na matangi, nikajiambia kaburi halitakosa kuwa hapo karibu. Vijana, mwongoza wageni akiulizwa kitu mdomo unajibu kabla kichwa hakijaamka, huo ndio ugonjwa wetu.

Nilikwenda kulitafuta wiki tatu kabla Mama Eleni hajafika. Msalaba wa saruji uliotajwa kwenye barua haukuwepo, saruji na mawe ya shamba lile yalishajenga mabanda ya nusu ya kijiji. Nikamtafuta mwenyekiti wa kitongoji, nikamkuta amekaa na wazee wenzake. Akanipeleka kwenye kahawa, akanionyesha masale matatu makubwa, ya zamani, na jiwe bapa katikati. "Haya yamekuwepo tangu enzi za Mzungu," alisema. "Litakuwa kaburi." Wazee wakakubali. Sasa kwetu isale ni mmea wa heshima, mtu hauondoi ovyo, na tunaupanda mahali pa aina mbili, kaburini na mpakani. Ya kaburi huwa yanazunguka. Ya mpaka yanakwenda kwa mstari. Nilisimama pale na nikaona isale jingine kule chini, hatua thelathini hivi, na jingine mbele yake, yamenyooka. Niliyaona kwa macho yangu haya. Nikajifanya sikuyaona, kwa sababu nilikuwa nimeshajibu barua.

Kulikuwa na wanawake wanakata majani kwenye ukingo wa mfereji siku ile. Niliwapungia mkono, nikapita.

Mama Eleni akaja. Alikuwa mfupi, mweupe kichwani, amevaa nyeusi tupu, ameshika kisanduku cha mbao kilichotengenezwa na seremala wa kijijini kwao. Kiswahili chake kilinishangaza. Alilelewa na yaya wa Kimeru na hakukisahau, ila kilibaki na umri wa miaka kumi. Alijua kusema naomba maji, nimechoka kutembea, usiniache. Neno kibali hakulijua. Neno mifupa alilijua la mbwa na la supu, na kila alipolazimika kulitamka kwa ajili ya mdogo wake alikuwa anashusha sauti. Mimi nilikuwa na miaka zaidi ya hamsini na yeye aliniita kijana tangu uwanja wa ndege.

Vibali tulivipata, kwa siku tano za kukaa kwenye mabenchi. Ya sita tukaenda. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye migomba. Mchungaji aliomba, mwenyekiti akaongea kirefu, vijana wawili wakaanza kuchimba. Watu wa kijiji walisimama pembeni hawasemi kitu, maana kwetu mfu akishalala halali mara ya pili, na wengi waliona tunafanya jambo baya. Walichimba mpaka kifuani. Udongo, mizizi, udongo. Mwenyekiti akasema mtoto mdogo hawezi kubaki miaka yote hiyo, udongo wetu una majivu ya volkano, unakula kila kitu. Mimi nikaitikia kwamba ni kweli. Sikuwa najua kama ni kweli.

Mama Eleni akapiga magoti. Akajaza kisanduku kwa mikono, kidole gumba cha mkono mmoja kikiondoa vijiwe kama mtu anayechagua mchele. Alipomaliza akakifunga, akakipakata, akasema kwa Kiswahili kile cha kitoto, "Yani, twende nyumbani. Mama anangoja." Kina mama walianza kulia, hata waliokuwa wamekasirika. Mmoja tu hakulia. Alikuwa bibi mrefu mwenye mzigo wa majani kichwani, hakuutua muda wote ule. Mama Eleni alipokuwa anapita akamwambia, "Jambo, mama." Bibi akamwangalia usoni kwa muda, akajibu, "Jambo," akageuka akaenda zake.

Baadaye niliandikiwa kwamba udongo umewekwa kaburini mwa mama yao, kasisi ameimba, na Mama Eleni sasa analala usiku. Nilifurahi. Lazima niseme hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Nilijiambia hata kama si penyewe, ni shamba lilelile, udongo ni udongo, na mama wa watu amepona. Nikaipiga picha ile barua, nikawaonyesha wenzangu.

Ikapita kama miaka miwili. Asubuhi moja nikasikia hodi hapa Lemara, natoka namkuta yule bibi wa majani, safari hii hana mzigo, amevaa gauni la kanisani. Nikamwamkia, akaitikia, akakataa chai. Akasema anaitwa Naishiye, na mama yake ndiye aliyekuwa yaya kwenye nyumba ya Mgiriki.

"Nilicheza na Eleni," alisema. "Tulikuwa tunapika matope pamoja. Siku ile amenisalimia jambo, kama unavyomsalimia mtu wa barabarani."

Nikamuuliza mbona hakujitambulisha. Alisema Yani alibebwa mgongoni na yule yaya mpaka siku aliyokufa, na walipoondoka wale Wagiriki, mama wa mtoto alimshika yaya mikono miwili akamwambia amtunzie. Akatunza. Alipokufa yeye, akatunza Naishiye. Kaburi liko nyuma ya nyumba yake, karibu na mfereji, limezungushiwa masale, anapalilia kila Jumamosi. Watu wakimuuliza ni la nani husema la mdogo wake, na hakuna aliyewahi kumuuliza mara ya pili.

"Bibi, sasa pale tulipochimba?"

"Ni mpaka. Mpaka wa kwa kina Mbise na jirani yao. Hata mtoto wa darasa la nne angekuambia, ungeuliza."

"Na wewe ukasimama ukatuangalia."

"Mlikuja na majembe kumtoa. Nilimlinda miaka zaidi ya hamsini, halafu mnakuja na karatasi na majembe siku moja. Nikaona Mungu amewafumba macho, nikanyamaza."

Kilichomleta sasa kilikuwa kingine. Mwanawe wa kiume, ambaye kiwanja kiliandikwa jina lake, alikuwa amekiuza kwa mtu wa mjini, na mnunuzi ameambiwa hakuna kaburi. Naishiye aliposema lipo, mwanawe akamwambia hilo la mdogo wako halina jina wala msalaba, mama, usituharibie. Ujenzi ungeanza mvua za masika zikiisha. Alikuwa amewaza sana, akaona heri mtoto achukuliwe na wenyewe kuliko kulaliwa na nyumba. Akataka nimwandikie Eleni. Ndugu wa damu akiandika barua, alisema, ofisi ya kijiji itasimamisha ujenzi, na Eleni atakuja kumchukua mwenyewe kabisa, na mifupa yake, maana yeye Naishiye alimwona akizikwa ndani ya sanduku zuri la mninga na anaamini bado yupo.

"Utamwandikia, mwanangu?"

"Nitamwandikia, bibi."

Masika ilikuwa bado haijaanza. Nilikuwa na miezi mitatu kamili. Nilikaa na simu mkononi, naandika, nafuta. Nitamwambiaje kwamba mama yake amelala miaka miwili na udongo wa mpaka wa kahawa? Kwamba nilijibu lipo bila kulijua, na niliona masale yamenyooka nikageuza uso? Naogopa kusema ni aibu tu, lakini nimejichunguza na sijaona kingine. Jina langu lilikuwa limejengwa juu ya lile kaburi. Mwezi ukapita. Naishiye akanipigia, nikasema nasubiri majibu. Wa pili ukapita. Kisha ikaja barua ya Mama Eleni mwenyewe. Watoto wake walitaka kunishukuru, wamenikatia tiketi, niende kisiwani wiki mbili. Nikajiambia vizuri sana, jambo kama hili halisemwi kwa simu, nitamwambia ana kwa ana. Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilinifikisha mpaka Ugiriki.

Kijiji chao kiko juu ya mwamba, nyumba nyeupe zimepandiana, ngazi badala ya barabara, punda wanabeba saruji. Hakuna mfereji, hakuna mgomba, upepo hauishi. Mlima upo lakini ni mkavu, mtu wa Meru anauonea huruma. Safari hii mwongozaji alikuwa yeye. Siku ya pili alinipeleka kwenye mabaki ya hekalu la kale juu ya bahari, nguzo nne zimesimama na nyingine zimelala kwenye nyasi. Alitembea polepole kwa sababu ya moyo wake, nami nikajikuta namwangalia midomo. Nikamuuliza lilikuwa hekalu la nani.

"Hatujui, kijana," akasema. "Wataalamu wanakuja, wanabadilisha kibao. Mimi nasema tu, hatujui."

Alilisema bila taabu yoyote, akakaa kwenye nguzo iliyoanguka akanipa chungwa. Pale ndipo nilipotakiwa kusema. Tulikuwa wawili tu. Nilimenya lile chungwa lote, nikalila, nikafuta mikono.

Jioni akanipeleka makaburini. Picha ya mama yao ilikuwa ndani ya kioo, taa ya mafuta inawaka, na kisanduku cha mbao kiko kwenye kidirisha cha marumaru. Kina mama wa kijiji walikuwa wamekusanyika na sahani za vitu vitamu. Mama Eleni akanishika mkono, akawaambia kwa lugha yao, kisha akanitafsiria mwenyewe. "Nimewaambia, huyu ndiye amemleta Yani kwa mama." Mmoja baada ya mwingine wakanijia. Bibi mmoja aliyekuwa haoni akaibusu mikono yangu. Nikasema asante. Nilisema asante kila siku, siku kumi na nne.

Niliporudi sikupitia hata nyumbani, kutoka uwanja wa ndege nilikwenda moja kwa moja kwa Naishiye. Mnunuzi hakungoja masika iishe. Misingi ilikuwa imechimbwa, nondo zimesimama, zege limemwagwa mpaka ukingo wa mfereji. Masale yalikuwa yametupwa kwenye rundo la magugu na bado ni mabichi. Nikamuuliza fundi kama waliona chochote wakati wa kuchimba.

"Udongo tu, mzee," alisema. "Na vipande vya mbao vimeoza."

Nikamuuliza vilikwenda wapi hivyo vipande. Akaonyesha jiko la mafundi, pale wanapopikia ugali. Sikutaka kuuliza zaidi.

Naishiye alikuwa amekaa mlangoni, kwenye chumba alichoachiwa na mwanawe. Hakunikaribisha wala hakunifukuza. Nikaanza kueleza, safari, tiketi, jinsi nilivyotaka kumwambia ana kwa ana. Akanisikiliza mpaka nikaishiwa.

"Mimi nilinyamaza ili asiondoke," alisema. "Wewe ulinyamaza kwa ajili ya nani?"

Alifariki mwaka uliofuata. Nilikwenda mazikoni, nikasimama nyuma kabisa, na wakati wa kutupa udongo nilishindwa kusogea mbele. Watu walidhani ni goti.

Nimestaafu sasa. Nyumba ile imekwisha, ni nzuri, uani wamepanga matofali ya saruji. Mnunuzi simlaumu, hakuambiwa. Nyie mkipeleka wageni upande ule mtapita mbele ya geti lake, na nawaomba mnapopita msimweleze mgeni chochote msichokijua. Mkiulizwa, semeni hamjui, kisha tafuteni mama mwenye mundu mumuulize.

Mama Eleni bado yu hai. Moyo wake umetushangaza wote. Kila Pasaka yao, ambayo mara nyingi haiangukii siku moja na yetu, hunipigia kwa simu ya binti yake, na mwaka huu amenipigia tena. Alikuwa ametoka kanisani, nikasikia kengele nyuma yake. Akaniuliza goti, akauliza mvua, akauliza kahawa. Kila mwaka huwa najiandaa kumwambia, nakaa na simu tangu asubuhi, maneno nimeyapanga. Kisha akasema daktari amemwambia asipande tena zile ngazi za makaburini, lakini yeye hana hofu.

"Mimi nikifa, wananiweka hapohapo," alisema. "Na mama, na Yani. Tutakuwa watatu, sivyo, kijana?"

"Ndiyo, mama," nikamwambia. "Mtakuwa watatu."